Kitoweo Kilichomo Guniani: Mapishi ya Mji wa Kale na Faida Yake kwa Mkulima

Katika mashamba ya makazi hapa Pwani, tangu Shimba Hills na Diani mpaka Mtwapa, Tezo-Roka, Ngerenya, Magarini na kule Mpeketoni, iko desturi moja inayofaa kutazamwa upya. Mkulima huvuna mbaazi, kunde au pojo zake, humwuzia mchuuzi wa kwanza anayefika na gari, kisha sehemu ya fedha hizo huzipeleka kwa mwenye bucha ili watoto wapate kitoweo. Nusu kilo ya nyama, tena yenye mifupa, huliwa jioni moja ikaisha. Lile gunia aliloliuza asubuhi lilikuwa kitoweo cha miezi mingi.

Mtu asidhani kwamba gazeti hili linamkataza mkulima kula nyama. Nyama ni chakula chema, na huko mbele tutaeleza mambo ambayo mimea haiwezi kuyafanya. Lakini si mbali na mashamba yetu kuna mji ambao wenyeji wake walijifunza zamani sana kupika bila nyama wala maziwa ya ng'ombe, wakala kwa furaha na wageni wakaomba kuongezewa. Mji huo hununua kwetu. Basi yafaa mkulima ajue wanapika nini, na wanataka mzigo wa namna gani.

KISIWA KINACHOLISHWA NA BARA

Msafiri mashuhuri Ibn Battuta wa Moroko alilala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba watu wa kisiwa kile hawakulima nafaka, ila waliletewa kutoka pwani ya bara, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Karibu miaka 700 imepita na jambo hilo halikubadilika sana. Kisiwani hakuna mashamba. Kila kibaba cha mbaazi kinachopikwa Kibokoni, Kuze, Bondeni au Mlango wa Papa kimevuka maji kwanza.

Maziwa nayo hayakuwa mengi hapa Pwani. Mbung'o walikaa vichakani, na kupe walieneza ndigana, ugonjwa ambao Waingereza waliuita homa ya Pwani ya Mashariki, na ng'ombe wengi wakafa. Samli ililetwa kwa majahazi, nayo ilikuwa ghali. Kwa hiyo mnazi ulishika mahali pa ng'ombe. Mpishi wa bara alipotia maziwa, siagi au mafuta ya nyama, mpishi wa Mvita alitia tui la nazi.

Kisha kuna wenzetu wenye asili ya Bara Hindi, ambao wengi wao hawali nyama kwa ajili ya dini. Wajaini ndio wakali kuliko wote, maana hawali nyama, samaki wala mayai, na wengi wao hawali hata kitunguu wala kiazi, kwa kuwa kukichimba ni kuua viumbe vilivyomo udongoni. Hekalu lao la marumaru katika barabara ya Langoni, kisiwani Mombasa, lilifunguliwa mwaka 1963. Watu hawa hunywa maziwa, lakini mahali pa nyama huweka mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, dengu, pojo na kunde. Katika vichochoro vya Mji wa Kale jiko la Mswahili na jiko la Mhindi yamekaa ukuta kwa ukuta kwa vizazi vingi. Bajia ilitoka upande mmoja, nazi ikatoka upande wa pili, na leo ni vigumu kusema chatne ya nazi ni ya nani.

CHAKULA CHA ASUBUHI

Chakula cha asubuhi kinachojulikana kuliko vyote Mombasa ni mahamri na mbaazi. Unga wa mahamri hukandwa kwa tui, ukatiwa iliki, sukari na hamira, ukaachwa uumuke, kisha ukakaangwa. Mbaazi huchemshwa mpaka ziwe laini, zikaungwa kwa tui. Tajiri hula na mchukuzi wa mizigo hula. Katika sahani ile hakuna nyama, na ukiondoa chai, hakuna tone la maziwa ya ng'ombe. Wala hakuna anayekaa akidhani amepunjwa.

Jioni huja bajia za kunde na viazi vya karai vilivyochovywa katika uji wa unga wa dengu. Usiku wali huliwa na pojo za nazi, au kunde, au mchicha wa nazi. Samaki yupo pia, bila shaka, kwa maana kisiwa ni kisiwa. Lakini mwenye nyumba akirudi mikono mitupu kutoka sokoni, jiko la Mji wa Kale halizimiki.

Hapa tuseme neno juu ya majina, maana wakulima waliohamia kutoka bara hupata hasara kwa sababu hii. Zile punje ndogo za kijani ambazo watu wa Ukambani na Nairobi huziita ndengu, na Watanzania huziita choroko, Mombasa huitwa pojo. Ukimwambia mwenye duka la Marikiti kwamba una gunia la dengu, yeye hufikiri habari ya zile zinazosagwa unga wa bajia. Mwonyeshe kiganjani kwanza, kisha mpatane bei.

KWA NINI MPISHI HUKATAA MBAAZI ZAKO

Jambo hili ndilo lenye fedha, kwa hiyo tutakaa nalo kidogo.

Mama anayeuza mbaazi za nazi huwasha moto usiku ili awe tayari alfajiri. Faida yake yote imo katika makaa. Mbaazi zikiiva kwa muda wa saa moja na nusu, amepata riziki. Zikikaa motoni saa nne, amefanya kazi ya bure. Naye hawezi kujua mpaka amekwisha kuzinunua na kuzitia chunguni. Ndiyo sababu mama kama huyo akipata mwuzaji ambaye mbaazi zake huiva upesi, hamwachi.

Mbaazi ngumu hutoka wapi? Mara nyingi kosa halimo katika mbegu wala katika udongo. Limo ghalani. Jamii yote ya kunde, ikiwekwa mahali penye joto na unyevu kwa miezi mingi, hubadilika ndani ya punje, hata maji hayawezi tena kuilainisha vizuri. Na Pwani yetu ina joto na unyevu vyote viwili, mwaka mzima. Mbaazi zilizowekwa kwenye ghala la bati lisilopitisha upepo kutoka mavuno moja mpaka ya pili zitaonekana nzuri, zitakuwa na uzito wake, lakini chunguni zitakaa kama kokoto. Maji ya visima vya kisiwani huzidisha taabu hiyo, kwa sababu hutoka katika mawe ya matumbawe na yana chokaa nyingi, na chokaa huzuia ganda kulainika. Mpishi mwenye maarifa huloweka na kuchemsha kwa maji ya mvua au ya bomba akiyapata.

Kosa lililo baya kuliko yote ni kuchanganya mbaazi za mwaka jana na za mwaka huu katika gunia moja. Mkulima hufanya hivyo ili gunia lijae. Matokeo yake ni kwamba nusu ya chungu huiva ikavurugika na nusu hubaki ngumu, na mpishi hawezi kuuza upande wowote. Afadhali uuze gunia moja lisilojaa la mbaazi mpya, na zile za zamani uziuze mbalimbali kwa jina lake. Ukifanya hivyo misimu miwili, jina lako litajulikana Marikiti, na ng'ambo ya pili, Kongowea, hutashindana kwa bei tu na malori ya maharage yatokayo bara na Tanzania.

Basi kausha vizuri kabla ya kuweka. Namna ya kupima ni rahisi. Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kiasi cha vijiko viwili na mbaazi mpaka robo ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mbaazi zina maji bado, zirudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, waweza kuweka. Fukusi nao huingia tangu shambani, mayai yao yakiwa juu ya punje, kwa hiyo usingoje uwaone wakiruka. Ile mifuko yenye tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayouzwa sasa katika maduka ya pembejeo, huwaua kwa kuwanyima pumzi, bila dawa yoyote. Bei yake huzidi ya gunia la kawaida, lakini mfuko usiotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja. Weka juu ya mbao, mahali penye kivuli na upepo.

NAZI YA MPISHI NA NAZI YA MGEMA

Tui hutoka katika nazi iliyokomaa kabisa. Mpishi huivunja, huikuna kwa mbuzi, huitia maji ya vuguvugu na kuikamua katika kifumbu. Siku hizi sokoni kuna mashine za umeme za kukunia, lakini kukamua ni kule kule. Tui la kwanza, zito, ambalo halikutiwa maji au limetiwa kidogo sana, ndilo kasimele. La pili na la tatu ni jepesi. Yale machicha yanayobaki hupewa kuku.

Nazi changa ambayo bado ni koroma hutoa tui la maji maji lisiloshika kitu. Mpishi huishika nazi sikioni na kuitikisa. Ikilia maji, imekomaa. Isipolia kwa sababu imejaa, ni koroma. Isipolia na ikawa nyepesi, ni mbovu au ni joya. Mkulima anayeangua mnazi mzima kwa siku moja, mabivu na mabichi pamoja, ili mchuuzi ajaze gari, hupewa bei ya zile mbaya kwa zote.

Nazi huchukua karibu miezi 12 tangu ua mpaka kukomaa. Dafu huanguliwa kama mwezi wa saba. Kwa hiyo kila dafu ni nazi iliyouzwa mapema, na kila kole linalogemwa tembo halitazaa nazi hata moja. Hatusemi mkulima asiuze dafu. Fedha zake huja upesi, na ada za shule hazingoji. Lakini ni vizuri kugawa minazi: ile iliyo karibu na barabara iwe ya madafu, na ya ndani iachwe ikomae kwa ajili ya tui. Anayeigema minazi yake yote hana budi kununua nazi ya kupikia dukani, jambo ambalo kwa mtu mwenye shamba la minazi ni aibu kidogo.

Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki, uliopandwa kwa nafasi ya mita 9 na kupaliliwa, huweza kuzaa nazi 60 na zaidi kwa mwaka. Ulioachiwa kichaka huzaa nusu yake au pungufu. Magogo ya minazi iliyokufa na marundo ya samadi ndiyo nyumba ya yule mdudu mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi. Yaondoe au yachome. Chini ya minazi michanga, na tena chini ya minazi mikongwe iliyokwisha kupanda juu, jua hupenya vya kutosha kwa kunde na pojo, ambazo mizizi yake huutajirisha udongo. Ukivuna, kata shina na uache mizizi ardhini.

JE, KWELI MBAAZI HUSHIKA MAHALI PA NYAMA?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kilo moja ya mbaazi kavu ina protini, yaani chakula cha kujenga mwili, kiasi cha gramu 200 na kidogo zaidi. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mifupa ina karibu kiasi hicho hicho. Tena kilo ile ya mbaazi ikilowekwa na kupikwa hufika kilo mbili na nusu, ambapo nyama hupungua ikipikwa. Kunde na pojo huzidi mbaazi kidogo.

Hata hivyo protini ya mimea si kamili kama ya nyama. Mbaazi zina upungufu wa kitu kimoja ambacho nafaka inacho, na nafaka ina upungufu wa kitu ambacho mbaazi zinacho. Zikiliwa pamoja hukamilishana. Mababu wa Mji wa Kale hawakuwa na maabara, lakini waliweka hamri kando ya mbaazi na wali kando ya pojo, na wataalamu wa chakula walipokuja kupima walikuta wamepatia. Mkulima anayekula kunde kwa ugali amefanya jambo lilo hilo.

Madini ya chuma yaliyomo katika kunde huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Dawa yake ni ndimu. Kamua ndimu juu ya mbaazi mezani, au kula na kachumbari au embe bichi, na chuma kitaingia zaidi. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma hicho, kwa hiyo mama mja mzito afadhali angoje kama saa moja baada ya kula ndipo anywe chai. Tunajua kwamba shauri hili halitapendwa Mombasa, ambako mahamri bila chai si mahamri.

Lakini juu ya tui hapana budi kusema wazi, kwa sababu watoto hudhurika kwa kutojua. Tui ni jeupe kama maziwa, na wazazi wengine, ng'ombe akikauka au maziwa ya duka yakipanda bei, humpa mtoto mdogo tui lililozimuliwa kwa maji, wakidhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Maziwa ya ng'ombe yana protini zaidi ya gramu 3 katika kila gramu 100, na tui zito lina kama 2 tu, nalo likizimuliwa hushuka tena. Madini ya kalsiamu yanayojenga mifupa na meno katika maziwa ni zaidi ya mara tano ya yaliyomo katika tui. Kilichojaa ndani ya tui ni mafuta. Mafuta humpa mtoto nguvu na humnenepesha kidogo, na mzazi hufurahi, huku misuli na mifupa ikikosa vifaa vya kujengea. Mtoto anayelishwa uji mtupu na tui baada ya kuachishwa kunyonya aweza kuvimba miguu, nywele zake zikageuka rangi, akawa mnyonge asiyetaka kucheza. Huo ni utapiamlo, na yafaa apelekwe kliniki siku hiyo hiyo bila kungoja.

Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi huku akilishwa vyakula vingine. Katika uji wake saga pojo zilizokobolewa pamoja na mahindi au mtama, pojo sehemu moja na nafaka sehemu mbili au tatu, uupike mpaka uive sana, kisha mwishoni utie kijiko kimoja cha tui zito. Hapo tui linafanya kazi yake nzuri, ya kuongeza nguvu. Mara kwa mara changanya unga wa dagaa au yai. Mtoto mwenye shamba asikose yai kwa sababu mayai yote yameuzwa.

Kuna na vitamini iitwayo B12, ambayo damu na mishipa ya fahamu huihitaji, nayo haipatikani katika mimea. Wajaini huipata katika maziwa, na Waswahili katika samaki. Mtu asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa hana budi kuipata kwa vidonge au kwa vyakula vilivyotiwa vitamini hiyo kiwandani. Kwa hiyo usiuze kuku wako wala ng'ombe wako kwa kuwa umesoma makala haya. Na wazee walioambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa wa moyo wafuate shauri lake juu ya kasimele, kwa sababu mafuta ya nazi ni ya namna inayoganda kama ya nyama. Wao wapike kwa tui la pili.

NYAMA YA PAKITI

Madukani siku hizi kuna vipande vya soya vya pakiti, vikavu, vinavyolowekwa vikawa laini kama nyama. Hutengenezwa kwa unga wa soya uliokamuliwa mafuta na kupitishwa katika mashine yenye joto na nguvu nyingi. Karibu nusu ya uzito wake mkavu ni protini, kwa hiyo si chakula cha kudharau, ila angalia chumvi iliyotiwa katika viungo vyake. Huko Marekani wamekwenda mbali zaidi. Kampuni ya Beyond Meat, iliyoanzishwa mwaka 2009, hutumia njegere kutengeneza kitu kinachofanana na nyama ya kusaga, na watu huko hulipa fedha nyingi ili wale mmea wenye sura ya ng'ombe. Mpishi wa Kibokoni hajawahi kuona haja ya kuzivisha mbaazi ngozi ya mnyama mwingine.

Tena tusitazame mno masoko ya ng'ambo. India ndiyo nchi inayolima na kula mbaazi nyingi kupita zote duniani, nayo hununua kutoka Afrika Mashariki. Lakini mwezi wa Agosti 2017 serikali ya India iliweka mpaka wa tani 200,000 kwa mwaka juu ya mbaazi zinazoingia, ili kuwalinda wakulima wake. Bei ikaporomoka Tanzania na Msumbiji, na watu waliolima mbaazi tupu kwa ajili ya meli wakabaki nazo majumbani. Ilipofika 2021 India ilifungua tena mlango. Mlango unaofungwa na kufunguliwa na mtu mwingine ni mzuri kuwa nao, lakini usiwe mmoja tu. Mama wa mahamri hununua kidogo kidogo, ila hununua kila juma.

WEKA LA NYUMBANI KWANZA

Tufanye hesabu. Nyumba yenye watu 6 hutumia gramu 400 za mbaazi kavu, yaani kama vikombe viwili, kwa mlo mmoja. Wakila hivyo mara tatu kwa juma, mwaka mzima watatumia kilo 62 hivi. Gunia moja la kilo 90 latosha, na linabaki la mbegu na la wageni. Basi kabla mchuuzi hajafika, tenga gunia hilo, ulifunge, na mwenye kulitoa awe mama wa nyumba.

Namna ya kupika ni hii. Chagua mawe, osha, loweka usiku kucha. Mwaga maji yale, tia mapya, chemsha mpaka punje ivunjike ukiibonyeza kwa vidole. Kuna nazi moja kubwa, kamua tui zito uliweke kando, kisha kamua jepesi. Tia tui jepesi chunguni pamoja na kitunguu, bizari ya manjano kidogo, pilipili nzima na chumvi, acha vichemke pamoja mpaka mchuzi uwe mzito. Mwisho tia tui zito, punguza moto, na koroga polepole bila kuacha mpaka litokote kidogo tu. Moto ukiwa mkali na mkono ukiwa mvivu, tui hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakakaa chini. Bado laweza kuliwa, lakini mpishi wa Mombasa hatalileta mezani.

Kunde za bajia hulowekwa, zikasuguliwa kwa mikono mpaka maganda yaelee, zikasagwa bila maji mengi pamoja na kitunguu saumu, pilipili na kotimiri, zikakaangwa. Wauzaji wa bajia hupenda kunde nyeupe au za rangi ya maziwa, kwa kuwa nyekundu huifanya bajia iwe nyeusi. Yafaa ukumbuke hayo unapochagua mbegu.

MAJIRA YA KUPANDA

Mbegu ya mbaazi KAT 60/8 hukomaa kwa muda wa miezi mitano hivi, nayo yaweza kukatwa ikachipua tena. Ipandwe masika yanapoanza. Ya kunde iko K80, ambayo hustahimili nchi za chini zenye joto na hukomaa kwa muda wa miezi mitatu au pungufu. Bwana Shamba wako au kituo cha utafiti cha Mtwapa wataweza kukueleza mbegu inayofaa udongo wako.

Soko la Mji wa Kale hupanda zaidi mwezi wa Ramadhani, wakati kila nyumba hufuturu kwa mbaazi, bajia, viazi vitamu na ndizi za nazi, na nazi hutafutwa usiku na mchana. Mwezi huo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mkulima hana budi kuuhesabu upya. Mwaka 2027 unahesabiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi. Kunde zitakazopandwa na vuli katika Oktoba 2026 zitakuwa zimevunwa na kukauka katika Januari 2027, na nazi zitakazotakiwa Februari hiyo ni zile zilizochanua karibu mwaka mzima kabla yake. Makole yake yasiguswe na mgema.